Tiba ya Kurudiwa: Mafunzo na Ajira ya Wafiziotherapia Kusini mwa Ziwa Victoria

Fiziotherapia ni taaluma ya afya inayoshughulikia uwezo wa mwili kujongea, na nyenzo zake kuu ni mazoezi yaliyopimwa kulingana na hali ya mgonjwa, mikono ya mtaalamu mwenyewe, joto, baridi, umeme mdogo wa kuchangamsha misuli, pamoja na vifaa saidizi kama magongo na vitimwendo. Taaluma hii ni sehemu ya utengamao, yaani jumla ya huduma zinazomrudisha mtu katika shughuli zake baada ya ugonjwa, ajali au ulemavu wa kuzaliwa, na ndani ya utengamao huo inafanya kazi bega kwa bega na tiba kwa vitendo, ambayo humfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku kama kuvaa, kula na kupika, na pia na utengenezaji wa viungo bandia. Kinachoitofautisha na sehemu kubwa ya tiba nyingine ni kwamba haitolewi mara moja ikaisha. Mgonjwa anaweza kupasuliwa kwa saa chache na kurudi nyumbani, au kupewa dawa za mwezi mzima kwa ziara moja, lakini mkono uliopooza kwa kiharusi au goti lililokakamaa baada ya kufungwa hogo huhitaji kushughulikiwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, huku mtaalamu akiongeza uzito, akirekebisha mkao na kubadilisha zoezi kadiri mwili unavyoitikia. Kwa sababu hiyo, swali la idadi ya wafiziotherapia katika nchi inayoendelea haliwezi kutenganishwa na swali la mahali walipo, na hoja ya uchambuzi huu ni kwamba Tanzania imejenga mafunzo na ajira ya wataalamu hawa kana kwamba wanatoa huduma ya mara moja kwenye hospitali kubwa, ilhali wagonjwa wanahitaji huduma ya kurudiwa karibu na makazi yao.

Nyegezi, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo takriban kilomita 10 kusini mwa katikati ya Jiji la Mwanza, ni mahali panapoonyesha tatizo hili waziwazi. Stendi yake hupokea mabasi yatokayo Shinyanga, Geita na kwingineko, wakati yale ya upande wa Musoma hutumia stendi ya Nyamhongolo, na miongoni mwa wanaoshuka hapo kila siku wamo wagonjwa wanaoelekea Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, ikataifishwa muda mfupi baadaye na kurejeshwa chini ya Kanisa Katoliki mwaka 1985. Mgonjwa wa Sengerema aliyelazimika kwa miaka mingi kusubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo amepunguziwa adha tangu daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, na hilo ni jambo kubwa linalostahili kupongezwa. Hata hivyo, daraja hupunguza saa za safari bila kuondoa nauli, na nauli ya mgonjwa mwenye kiharusi ni ya watu wawili, kwa kuwa hawezi kusafiri bila msindikizaji, ambaye naye huacha shamba, mtumbwi au genge lake kwa siku nzima. Kwa mkazi wa Ukerewe au Ukara, ambaye lazima kwanza avuke maji, ratiba ya mazoezi mara tatu kwa wiki ni agizo lisilotekelezeka tangu siku linapoandikwa.

Ukubwa wa uhitaji duniani ulipimwa katika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2020, uliokadiria kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.41, yaani mtu mmoja kati ya kila watatu, walikuwa na hali ambayo ingenufaika na utengamao katika kipindi fulani cha ugonjwa au jeraha lao. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 lilizindua wito wa Utengamao 2030, limeeleza kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengamao wenye ujuzi wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Takwimu hiyo ikishushwa hadi Kanda ya Ziwa inapata sura ya kutisha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 16 katika mikoa sita ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu, kwa hiyo hata kama kanda ingekifikia kiwango hicho cha wataalamu 10, ambacho chenyewe ni alama ya uhaba, ingekuwa na wataalamu 160 tu wa fani zote za utengamao kwa pamoja, na hao wangetakiwa kuhudumia eneo linaloanzia mpaka wa Rwanda hadi mbuga za Serengeti.

Magonjwa yanayowahitaji wataalamu hawa yamebadilika bila yale ya zamani kuondoka. Kiharusi, kilichokuwa kikidhaniwa kuwa ugonjwa wa nchi tajiri, kilifuatiliwa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, na baada ya tofauti za umri kusawazishwa, kiwango cha Dar es Salaam kilizidi wagonjwa wapya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kilicho miongoni mwa vile vya juu vilivyowahi kuripotiwa; hakuna sababu ya msingi ya kuamini kwamba jiji la Mwanza, ambako shinikizo la damu mara nyingi hugunduliwa baada ya mtu kuanguka, liko salama zaidi. Pikipiki za abiria zimejaza wodi za mifupa. Machimbo madogo ya dhahabu ya Geita na Shinyanga huleta majeruhi wa uti wa mgongo waliofukiwa na vifusi, nao ni vijana ambao wangeweza kuishi miaka 40 zaidi iwapo wangefundishwa mapema namna ya kujigeuza kitandani na kuzuia vidonda vya kulalia. Kwa upande wa watoto, uhaba wa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano wa watoto wachanga na homa ya uti wa mgongo huacha mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya kudumu ya udhibiti wa misuli, na mtoto wa aina hiyo anahitaji kufuatiliwa hadi utu uzima.

Upo pia mfano unaokumbukwa na wachache. Mwaka 1985, wakati wa ukame huko Tarime mkoani Mara, watu waliotegemea mihogo michungu iliyosindikwa kwa haraka, bila muda wa kutosha wa kuondoa sumu ya sianidi, walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na ambao hauna dawa ya kuuponya. Kwa wagonjwa hao hakukuwa na kitu kingine ambacho tiba ingeweza kuwapa isipokuwa mazoezi, magongo na mafunzo ya kutembea upya, huduma ambazo hutakiwa kuwa karibu hasa na vijiji ambavyo njaa imevipiga.

Mguu kifundo unastahili kuangaliwa kwa urefu zaidi, kwa kuwa ndani yake mantiki yote ya tiba ya kurudiwa huonekana. Hali hii, ambapo mtoto huzaliwa na wayo mmoja au nyayo zote mbili zikiwa zimepinda ndani, humpata takriban mtoto mmoja kati ya 1,000, na njia ya kuitibu iliyoasisiwa na Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa nchini Marekani, haihitaji chumba kikubwa cha upasuaji wala mashine ya gharama. Mtaalamu aliyefundishwa vizuri hunyoosha mguu taratibu kwa mikono, huufunga hogo, huufungua wiki inayofuata, hunyoosha tena na kuufunga upya, mara tano au zaidi kidogo, kisha kwa watoto wengi kano ya kisigino hukatwa kwa upasuaji mdogo na mtoto huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, ambavyo huvaliwa karibu mchana na usiku kwa miezi mitatu na baadaye usiku tu kwa miaka kadhaa. Tiba hii ni ya bei nafuu na matokeo yake ni mazuri mno, lakini hushindwa kwa jambo moja dogo: mama kukosa kurudi. Anayekosa wiki mbili hupoteza sehemu ya kilichonyooshwa, na anayeacha viatu mapema hushuhudia wayo ukirudi kupinda. Ni makosa makubwa, na tena ni dhuluma, kumwita mama huyo mzembe wakati kituo cha karibu chenye mtu anayejua kufunga hogo hilo kiko mbali kwa nauli ambayo hana.

Mafunzo rasmi ya fani hii nchini yana mzizi wake Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mapema katika muongo huo shule yake ya fiziotherapia imekuwa ikitoa stashahada, yaani cheti cha miaka mitatu baada ya sekondari. Mwaka 1981 palepale ikaanzishwa TATCOT, taasisi ya kufundisha utengenezaji wa viungo bandia ambayo imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na katika muongo wa 2010 chuo kikuu kishiriki cha hospitali hiyo kikaanza kutoa shahada ya kwanza ya fiziotherapia. Sifa ya Moshi katika historia hii haipingiki. Tatizo ni kwamba kwa miongo kadhaa taifa zima liliegemea hasa kwenye chemchemi hiyo moja, iliyo zaidi ya kilomita 700 kutoka Nyegezi kwa barabara ya Shinyanga, Singida, Babati na Arusha. Utafiti wa nchi nyingi kuhusu wafanyakazi wa afya umeonyesha kwamba kijana aliyelelewa na kusomeshwa kijijini au pembezoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukubali kufanya kazi huko, na kwamba mahali anapofanyia mazoezi ya vitendo huvuta uamuzi wake wa baadaye. Hivyo umbali wa shule unafika mbali kuliko nauli ya mwanafunzi, kwa sababu unagusa pia mahali atakapojenga maisha yake.

Kusini mwa ziwa hakujakosa uzoefu wa kujenga vyuo. Pale Nyegezi, taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa mwaka 1960 iligeuka mwaka 1998 kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na kutoka humo, mwaka 2003, kikachipuka kwenye kilima cha Bugando chuo kishiriki cha sayansi za afya ambacho leo ni chuo kikuu kinachojitegemea, kinachozalisha madaktari kila mwaka. Historia hiyo inathibitisha kwamba kuanzisha fani ya afya katika kanda ambayo haikuwa nayo kunawezekana ndani ya kizazi kimoja, iwapo wenye mamlaka wameiona fani yenyewe kuwa ya lazima. Fiziotherapia haikupata upendeleo huo mapema. Udaktari, uuguzi, famasia na maabara vilitangulia, kwa kuwa mgonjwa anayekufa kwa kukosa daktari huonekana na kuhesabiwa, wakati mgonjwa anayebaki mkekani kwa miaka kumi kwa kukosa mazoezi haingii katika takwimu ya vifo na wala hapigi kelele.

Hata pale ambapo nia ipo, kuongeza wanafunzi si suala la kuongeza viti darasani. Fiziotherapia hujifunzwa kwa mikono juu ya mwili wa mgonjwa halisi, mbele ya mkufunzi anayesahihisha shinikizo la kidole na pembe ya kiungo, na mkufunzi mmoja hawezi kuwasimamia wanafunzi ishirini kitandani bila wengi wao kugeuka watazamaji. Wakufunzi wenyewe ni wachache, kwa sababu mwenye stashahada hawezi kufundisha shahada, na kwa muda mrefu aliyetaka shahada ya uzamili alilazimika kutoka nje ya nchi, mara nyingi kwenda Afrika Kusini, ambako Chuo Kikuu cha Western Cape kimewasomesha wafiziotherapia wengi wa Afrika Mashariki. Anayerudi na shahada hiyo hukuta anatakiwa na pande tatu kwa wakati mmoja, yaani hospitali inayomtaka kliniki, chuo kinachomtaka darasani na miradi ya mashirika inayomtaka ofisini kwa malipo bora zaidi. Tena usimamizi wa mafunzo umegawanyika: stashahada ziko chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na shahada ziko chini ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, kwa hiyo mwenye stashahada mwenye uzoefu wa miaka kumi anayetaka kujiendeleza mara nyingi hurudishwa karibu na mwanzo, kana kwamba mikono yake haijajifunza kitu.

Mtaala nao una upungufu usiozungumzwa sana. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza, hufanyia vitendo katika hospitali ya rufaa yenye vyuma sambamba vya kujishikilia, vitanda vinavyopanda na kushuka na mashine za umeme, halafu hutarajiwa kumhudumia bibi wa Misungwi anayezungumza Kisukuma, anayelala chini na kuteka maji kisimani. Katika udaktari wa upasuaji pengo hilo la lugha linaweza kuzibwa na mkalimani kwa dakika chache, lakini katika fiziotherapia maelezo yenyewe ndiyo tiba, kwa kuwa zoezi lisiloeleweka halifanywi, au hufanywa vibaya na kuumiza. Mtaalamu asiyejua kusema kwa lugha ya nyumbani, au angalau kwa Kiswahili chepesi, jinsi ya kukaza paja, kushusha bega au kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, atamwandikia mgonjwa karatasi ambayo itabaki chini ya godoro. Vivyo hivyo, kumfundisha mgonjwa kupanda ngazi tatu za mbao zenye vishikio kunamsaidia kidogo mtu anayeishi juu ya miamba ya Mwanza, ambako njia ya kwenda nyumbani ni mteremko wa mawe usiopitika kwa kitimwendo. Mafunzo yanayoheshimu mazingira yangempeleka mwanafunzi kwenye nyumba hizo kabla hajahitimu, na ziara hizo zingepewa alama sawa na zile za wodini.

Baada ya mafunzo huja ajira, na hapa ndipo tafsiri iliyozoeleka ya tatizo inapopotosha. Husemwa kwamba nchi haina wafiziotherapia, na usemi huo ni kweli kwa upande wa mgonjwa. Lakini wakati huohuo wapo wahitimu wanaokaa miaka bila ajira ya serikali, wakijitolea, wakifanya kazi za muda katika kliniki binafsi au wakiiacha fani kabisa. Mambo haya mawili yanayoonekana kupingana yanatokana na ikama, yaani idadi ya watumishi ambayo kituo kimeidhinishiwa kuwa nayo, na kibali cha ajira kinachotegemea fungu la mishahara. Mfumo wa afya wa Tanzania hupanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda na ya taifa, na nafasi za mfiziotherapia zimejikusanya kwenye ngazi za juu, wakati wagonjwa wanaomhitaji kwa kurudiarudia wako ngazi za chini. Panapokuwa na mmoja katika hospitali ya wilaya, huyo mmoja hubeba mifupa, kiharusi, watoto, wajawazito na wagonjwa wa mapafu peke yake, bila wa kumshauri wala wa kumpokea zamu, na akienda likizo chumba cha mazoezi hufungwa. Kufundisha wahitimu zaidi bila kubadilisha ikama, basi, ni kuongeza idadi ya wasio na kazi, na kubadilisha ikama bila kuongeza wakufunzi ni kuandika nafasi zitakazobaki wazi. Mambo haya mawili lazima yapangwe na mkono mmoja, na ukweli kwamba yako chini ya mamlaka tofauti ni kikwazo kikubwa kuliko uhaba wa fedha unaotajwa kila mara.

Hadhi ya taaluma ndani ya hospitali huathiri pia nani atabaki. Katika wodi nyingi mgonjwa huandikiwa neno moja tu, mazoezi, bila uchunguzi wa pamoja kati ya daktari na mfiziotherapia, na rufaa huja ikiwa imechelewa, kiungo kimeshakakamaa. Sheria ya mwaka 2017 inayowasimamia madaktari na wataalamu wa afya shirikishi iliweka msingi wa usajili, wakati Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2014 kwa kutunga sheria maalumu ya wafiziotherapia yenye baraza lao wenyewe. Baraza la pekee halileti ajira, kama hali ya wahitimu wa Kenya inavyoonyesha, ila humpa mtaalamu sauti mezani pale ikama na viwango vinapojadiliwa. Kuhusu wanaohama nchi, jambo hili hupewa uzito kuliko linavyostahili kwa sasa, kwani mwenye stashahada hupata shida kusajiliwa Ulaya au Marekani ambako shahada ndiyo kiwango cha chini. Kadiri shahada zinavyoongezeka, mlango huo utafunguka, na nchi isiyoandaa nafasi itakuwa imewasomeshea wengine.

Kuna wanaoamini kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka 2024, wataziba pengo hili. Imani hiyo ni sahihi kwa sehemu. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kumtambua mtoto mwenye mguu kifundo siku chache baada ya kuzaliwa, kumkumbusha mama tarehe ya hogo, kusimamia mazoezi yaliyokwisha kuelekezwa na kuona kidonda cha kulalia kabla hakijaoza. Hawezi kutathmini misuli iliyopooza wala kuamua lini mgonjwa aanze kukanyaga mguu uliovunjika, na akiachiwa maamuzi hayo atawaumiza watu. Mafundi wa jadi wa kuunga mifupa, ambao bado wanaaminiwa sana vijijini, wako katika nafasi inayofanana, kwa kuwa wana ukaribu na wagonjwa ambao hospitali haina, na kuwafundisha dalili za hatari kungeokoa viungo vingi zaidi kuliko kuwakemea. Lakini wote hao wanahitaji mfiziotherapia wa wilaya anayewazungukia, mwenye pikipiki, mafuta na siku zilizotengwa katika ratiba yake kwa kazi ya nje.

Kazi hiyo ya nje ndiyo isiyolipiwa. Malipo ya huduma za afya yamezoea kumfuata mgonjwa anayefika dirishani, na sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwa mwenye kiharusi wa Sengerema iwapo kitita cha huduma kitahesabu mfululizo wote wa mazoezi, pamoja na ziara ya mtaalamu nyumbani au katika kituo cha afya cha karibu. Kitita kikilipia ziara chache tu za hospitalini, hospitali ya wilaya haitakuwa na sababu ya kuomba nafasi ya mfiziotherapia katika ikama yake, chuo hakitakuwa na mahali pa kuwapeleka wanafunzi kwa vitendo nje ya hospitali ya rufaa, na mgonjwa ataendelea kupita stendi ya Nyegezi na msindikizaji wake mpaka nauli itakapokwisha, kwa kawaida kabla mkono haujaanza kufunguka.